Maumbile hayafuti ugonjwa sugu. Kwa nini basi wagonjwa huyakimbilia?

Kila anayeishi na ugonjwa sugu ameshaambiwa: "Usikae ndani tu, toka nje upate hewa." Anayesema huwa na nia njema. Lakini kwa mtu ambaye viungo vimemuuma usiku kucha, au ambaye kutoka kitandani hadi bafuni ni safari, maneno hayo yanaweza kuuma kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu ndani yake mna tuhuma kwamba angejitahidi kidogo angekuwa mzima. Wakati huohuo wapo wagonjwa wengi wanaosema bila kusitasita kwamba bustani, mti ulio nje ya dirisha au ndege wa alfajiri ndivyo vilivyowavusha kipindi kigumu. Mshauri na mgonjwa wanataja vitu vilevile vya maumbile, lakini hawasemi jambo moja, na tofauti kati yao ndiyo inayohitaji kufafanuliwa.

Tuanze na lisilo na mjadala. Kisukari, lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe), baridi yabisi, selimundu, pumu, kifafa: hakuna hata mmoja unaoondoka kwa kukaa chini ya mti. Mwili usiotengeneza insulini utaihitaji ufukweni kama unavyoihitaji chumbani. Nalisema mapema kwa sababu wapo wanaouza matumaini, wanaochukua ukweli mdogo kuhusu miti na hewa safi wakaukuza hadi mgonjwa akaacha dawa zake, na anayeumia si wao. Hata hivyo, mtu anaweza asipone na bado akapata nafuu. Anaweza kulala vizuri zaidi, maumivu yakapungua makali, hofu ya kesho ikalegea, akajiona tena kuwa mtu na si faili la kliniki. Nafuu ya namna hiyo si zawadi ndogo kwa mwenye ugonjwa atakaoishi nao miaka thelathini.

Waliolala tu wakitazama nje

Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha katika jarida la Science utafiti mfupi ambao bado unatajwa sana panapozungumzwa ujenzi wa hospitali. Alipekua kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania za kati ya 1972 na 1981, akawatafuta wagonjwa waliopasuliwa kuondolewa kifuko cha nyongo. Vyumba vyao vilifanana karibu kwa kila kitu isipokuwa madirisha: mengine yalitazama miti, mengine ukuta wa matofali. Akawapanga wagonjwa 46 katika jozi 23, kila jozi watu wanaolingana umri, jinsia na mambo mengine kama uvutaji sigara, mmoja wa upande wa miti na mwenzake wa upande wa ukuta. Waliotazama miti walikaa hospitali wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, wenzao 8.70. Walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi, na maandishi ya wauguzi juu yao yalikuwa na malalamiko machache.

Ni utafiti mdogo, na upasuaji wa kifuko cha nyongo si ugonjwa wa kudumu. Ninaupenda kwa sababu moja. Wale wagonjwa hawakufanya lolote. Hawakutembea, hawakupanda mlima, hawakuvuta pumzi kwa mtindo wowote maalumu, wala hakuna aliyewaambia wawe na mtazamo chanya. Walilala, na miti ikawa pale. Mtu anayeambiwa kila siku kwamba nafuu yake inategemea juhudi zake anastahili kulijua hilo.

Florence Nightingale, muuguzi wa Uingereza, alikuwa ameshaliona zaidi ya karne moja kabla. Katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 aliandika kwamba mgonjwa anahitaji mwanga karibu sawa na anavyohitaji hewa safi, na kwamba maua yenye rangi na dirisha lenye kitu cha kutazama humgusa mgonjwa mwilini, si akilini peke yake. Hakuwa akiwasemea wengine tu. Aliugua vibaya mwaka 1855 akiwa katika vita vya Krimea, na baada ya kurudi Uingereza alikaa kitandani au chumbani kwa sehemu kubwa ya miaka mingi iliyofuata, akiendesha kazi zake kwa barua.

Kinachotokea mwilini

Maumivu ni king'ora. Kwa mwenye mguu uliovunjika kinalia kwa sababu, kisha kinanyamaza. Kwa mwenye ugonjwa sugu kinaweza kulia miaka, na mwili ukazoea kuishi katika hali ya tahadhari: moyo unakwenda mbio, misuli imekaza, usingizi ni wa juujuu, homoni za msongo kama kotisoli hazifuati mpangilio wake wa kawaida. Misuli iliyokaza huongeza maumivu, maumivu huharibu usingizi, na usiku mbaya huleta asubuhi yenye maumivu makali zaidi. Sehemu kubwa ya kinachoitwa faida ya maumbile ni kulegeza mduara huu mahali fulani. Mbele ya uoto, maji yanayotembea au sauti za ndege, ile sehemu ya mfumo wa neva inayoutuliza mwili hupata nafasi, mapigo ya moyo yakashuka na pumzi ikarefuka. Haihitaji hata msitu wa kweli. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2022, watu 295 walisikilizishwa rekodi za dakika sita tu. Waliosikia ndege walipungukiwa na wasiwasi, na waliosikia kelele za magari hawakupata nafuu hiyo.

Njia ya pili ni umakini, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayowahusu zaidi wenye magonjwa sugu ingawa haisemwi sana. Kuugua kwa muda mrefu ni ajira. Unahesabu vidonge, unakumbuka saa, unapima sukari au presha, unausikiliza mwili kama anavyosikiliza mtu anayesubiri hodi mbaya, unapanga safari kwa kufikiria kwanza choo kiko wapi. Kazi hiyo hutumia umakini wa kujilazimisha, na umakini wa aina hiyo huchoka. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rachel na Stephen Kaplan, walieleza katika miaka ya 1980 kwamba vitu vya asili hushika akili bila kuilazimisha. Mawingu yanayopita, majani yanayocheza na upepo, chungu wanaobeba mzigo wao: jicho huvifuata lenyewe, na ule uwezo wa kujilazimisha hupumzika wakati huo. Mwaka 2015 watafiti wa Stanford waliwatembeza watu kwa dakika 90, baadhi kwenye nyika yenye miti na wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliotoka nyikani walipunguza tabia ya kutafuna mawazo yaleyale mabaya. Wa barabarani hawakupunguza. Mgonjwa anayejua usiku wa "hali hii ikizidi nitafanyaje?" hahitaji kuelezwa thamani ya jambo hilo.

Umakini unagusa hata maumivu yenyewe. Tangu watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walipotoa nadharia yao mwaka 1965, imeeleweka kwamba ujumbe wa maumivu haupandi kwenda kwenye ubongo bila kuzuiwa. Uti wa mgongo una namna ya kuupunguza au kuuongeza, na ubongo huagiza kutoka juu kwa kutegemea hofu, umakini na hali ya moyo. Hii haina maana kwamba maumivu ni ya kufikirika. Ina maana kwamba kitu kinachochukua umakini wako bila kukuchosha kinaweza kupunguza kweli kile unachokisikia, kwa muda fulani.

Usingizi nao una mlango wake. Mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, huwa mara nyingi zaidi ya mwanga wa taa za ndani, na mwanga wa asubuhi ndio unaopanga saa ya mwili. Mtu aliyefungiwa chumbani na ugonjwa hupoteza alama hiyo. Kukaa mlangoni au dirishani baada ya kuamka ni jambo dogo, na kwa wengi ndilo rahisi kuliko yote.

Kuhusu misitu ya Japani nitakuwa na tahadhari. Idara ya misitu ya nchi hiyo ilianza mwaka 1982 kuhimiza wananchi "kuoga msitu", na tangu hapo zimefanyika tafiti zinazoonyesha kwamba chembe fulani za kinga huongezeka baada ya siku kadhaa msituni. Nyingi zilihusisha watu wachache, tena wenye afya. Mwenye ugonjwa wa kinga asijengewe tumaini juu ya hapo.

Dakika 120, na deni jipya

Takwimu inayozunguka zaidi ni ya mwaka 2019. Watafiti walichambua majibu ya watu karibu 20,000 wa Uingereza wakaona kwamba waliokaa katika mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walielekea zaidi kusema kwamba wana afya nzuri na wanaridhika na maisha. Haikujalisha kama dakika hizo zilikuwa za mara moja au vipande vipande. Na hali hiyo ilionekana pia kwa watu wenye magonjwa ya muda mrefu.

Utafiti huo uliwauliza watu kwa wakati mmoja tu, kwa hiyo haukuweza kuonyesha kipi kilitangulia. Huenda waliojisikia vizuri ndio waliotoka zaidi. Kwa mgonjwa kuna hatari nyingine: namba 120 kugeuka deni jipya, pembeni ya hatua za kutembea, glasi za maji na vidonge. Ukiona unajilaumu kwa kuwa umefikisha dakika kumi tu, achana na hesabu. Hakuna ushahidi kwamba dakika ya 119 ni bure.

Mwili usio na akiba

Hapa ndipo ushauri wa "toka nje" unapoweza kudhuru. Kwa watu wenye ugonjwa wa uchovu sugu, na kwa baadhi ya waliobakiwa na madhara ya muda mrefu ya UVIKO-19, kujitumikisha kupita kiwango hakuleti nguvu, huleta kuporomoka. Na adhabu haiji papo hapo. Unaweza kutembea leo ukafurahi, kesho ukajiona salama, keshokutwa ukashindwa kuinua kichwa. Ndiyo maana taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliacha mwaka 2021 kupendekeza kwa wagonjwa hao mazoezi yanayoongezwa hatua kwa hatua. Mgonjwa wa aina hiyo aupime mzunguko wake kwa keshokutwa, si kwa jinsi alivyojisikia njiani. Akumbuke pia kwamba anayekwenda hadi achoke bado ana njia nzima ya kurudi. Ni bora kugeuka ungali na nguvu, na ukifika nyumbani ukitamani kuendelea, hiyo ni dalili kwamba kipimo kilikuwa sahihi.

Kila ugonjwa una masharti yake na nje. Jua huamsha dalili za lupasi kwa wagonjwa wengi, na zipo dawa za kawaida, kwa mfano doksisaiklini, zinazoifanya ngozi iungue upesi. Kwao saa za kivuli na nguo za mikono mirefu ni sehemu ya matibabu. Joto huzidisha kwa muda udhaifu wa baadhi ya magonjwa ya mishipa ya fahamu. Mwenye selimundu ajihadhari na baridi na kukaukiwa maji. Mwenye pumu ajue majira ya chavua inayomsumbua. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asitembee peku kwenye nyasi au mchangani hata kama kila mtu anasifia kugusa ardhi; mwiba asiousikia unaweza kuwa mwanzo wa kidonda kisichopona. Anayetumia dawa za kushusha kinga avae glavu anaposhika udongo, aepuke kuvuta vumbi la mboji, na amuulize daktari wake kuhusu chanjo ya pepopunda. Haya si ya kumtisha mtu abaki ndani. Ukiyajua, unatoka bila kulipia safari kwa wiki nzima.

Na kama kutoka haiwezekani kabisa, dirisha linatosha kuanzia. Sufuria kuukuu yenye udongo inatosha.

Kuwa na kazi duniani

Mpaka hapa tumezungumzia utulivu. Lakini wagonjwa wanaosema maumbile yaliwavusha mara nyingi wanasema jambo kubwa zaidi ya kutulia: kwamba walipata tena sababu ya kuamka.

Wanasosholojia waliliona pengo hilo mapema. Mwaka 1982 Michael Bury aliandika kwamba ugonjwa sugu huikata hadithi ambayo mtu alikuwa akijisimulia kuhusu maisha yake. Mwaka uliofuata Kathy Charmaz alieleza jinsi wagonjwa wanavyopoteza, polepole, ile nafsi waliyokuwa nayo. Aliyekuwa fundi, mwalimu au mlezi anajikuta mpokeaji: wa dawa, wa msaada, wa huruma. Anashukuru kutwa. Kushukuru kutwa bila kutoa chochote huchosha roho kwa namna ambayo mtu mwenye afya ni vigumu kuielewa.

Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walifanya jaribio katika nyumba ya wazee huko Marekani. Kundi moja la wazee lilikumbushwa kwamba maamuzi ya maisha yao ni yao, na kila mmoja akapewa mmea wa kuutunza mwenyewe. Kundi la pili nalo lilipewa mimea, lakini likaambiwa wauguzi ndio watakaoitunza. Baada ya wiki chache waliokabidhiwa wajibu walionekana wachangamfu na wenye kushiriki zaidi. Huwezi kusema ni mmea peke yake uliofanya kazi, kwa kuwa uliambatana na uhuru wa kuamua. Lakini mimea ilikuwa kwenye vyumba vya makundi yote mawili. Tofauti ilikuwa nani anaitilia maji.

Chukua punje moja ya haragwe. Ifukie kwenye kopo la udongo lenye tundu chini, kina cha kidole kimoja, na uliweke dirishani. Siku kadhaa hutaona kitu. Kisha udongo unapasuka, na kinachotokeza kwanza si jani, ni shingo iliyojikunja kama kiwiko, rangi ya kijani iliyopauka. Kiwiko hicho kinasukuma udongo kwa mgongo wake ili kichwa kilicho laini kisichubuke. Kikishapata mwanga kinajinyoosha, kinavuta juu zile nusu mbili za punje, na katikati yake majani mawili ya kwanza yanafunguka yakiwa bado na mikunjo. Kazi yote hiyo unaweza kuifuatilia ukiwa umelala ubavu. Na kama hukumwagilia, kinakufa. Kwa mtu ambaye kila mtu anamwambia "usijisumbue", kuhitajiwa na kitu chochote ni nafuu.

Charles Darwin anatajwa sana kama mwanasayansi na mara chache kama mgonjwa. Kwa takriban miaka arobaini alisumbuliwa na kutapika, mapigo ya moyo kwenda ovyo na uchovu ambao madaktari wake hawakuwahi kuueleza. Mwaka 1842 alihamia Down, kijiji kilicho nje ya London, akatengeneza njia ya changarawe kuzunguka kipande cha miti, akawa anaitembea karibu kila siku. Aliweka rundo la mawe pembeni na kusukuma moja kwa mguu kila mzunguko, asihitaji kuhesabu. Siku ambazo hakuweza kutoka, alileta mimea ndani. Katika kazi yake juu ya mimea inayotambaa, iliyochapishwa mwaka 1865, anaeleza wazi kwamba aliweka mmea wa hopi kwenye chungu, usiku na mchana, ndani ya chumba alichofungiwa na ugonjwa, akauangalia ncha yake ikizunguka hewani kutafuta cha kushika. Kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1881, kilihusu nyungunyungu wa bustanini. Alifariki mwaka uliofuata.

Sisemi kwamba kila mgonjwa awe Darwin, ambaye alikuwa na mali, mke aliyemuuguza na watumishi. Ninachokiona kwake ni kwamba alichagua maswali yanayolingana na mwili wake. Mmea unaozunguka polepole humhitaji mtu aliyekaa mahali pamoja kwa saa nyingi, na mgonjwa ndiye mwenye saa hizo.

Leo nafasi hiyo iko wazi kuliko wakati wowote. Mfumo wa eBird, ulioanzishwa mwaka 2002 na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, hupokea orodha za ndege kutoka kwa mtu yeyote, na hesabu iliyofanywa bila kusogea hatua moja ni halali kabisa. Unaandika umeanza saa ngapi, umetazama dakika ngapi, umeona ndege gani na wangapi, kisha unathibitisha kwamba umewaorodhesha wote uliowatambua. Siku ambayo shomoro hawakuja nayo ni taarifa. Kwenye iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008, unatuma picha ya mdudu au ua, na watu wengine husaidia kulitambua. Watafiti hutumia kumbukumbu hizi kufuatilia wapi viumbe vinapungua na lini vinahama. Mtu aliyelala kitandani akitazama mti uleule mwaka mzima anakusanya kitu ambacho mtafiti anayepita siku moja hawezi kukipata.

Yanayouma, na yanayodaiwa

Si kila mgonjwa atafarijika. Aliyekuwa akipanda milima anaweza kuuona mlima na kulia, na ana haki. Wapo wanaopata utulivu huo kwenye muziki, ibada au ushonaji, na hawana upungufu wowote. Sonona nzito haingoji mti; inahitaji mtaalamu.

Lipo pia lisilo mikononi mwa mgonjwa. Bustani ya umma isiyo na benchi kila baada ya mita chache imemfungia nje mwenye moyo dhaifu hata kama geti liko wazi. Bustani isiyo na choo imemfungia nje mwenye ugonjwa wa utumbo. Njia yenye ngazi tatu tu imemzuia mwenye kitimwendo, na pasipo kivuli mgonjwa wa lupasi hana mahali. Wodi ambayo vitanda vyote vimegeuzwa kutazama ukuta inaweza kupangwa upya bila kununua kitu, na ndugu anayekuja kumwona mgonjwa anaweza kumwomba muuguzi hilo leo. Anayepanga mji au hospitali aulizwe mambo haya kwa majina yake: benchi ziko wapi, choo kiko wapi, kivuli kiko wapi, na aliyelala kwenye kitanda namba moja anaona nini.